Imbwa Yako Anaogopa Nini?

Kufahamu woga wa imbwa wa nyumbani, na namna ya kumusaidia atulie

Mvua za kwanza zikianza kunguruma juu ya Likasi, Kolwezi ao Kipushi, watu wanafurahi. Vumbi itapunguka, na mama mwenye shamba anatayarisha mbegu zake. Lakini angalia kidogo ndani ya lupango. Imbwa aliyebweka jana usiku sawa simba, leo ameingia chini ya kitanda. Anatetemeka, anahema, mate yanamutoka. Ukimuita kwa jina lake hasikii. Ukimuwekea bukari hagusi.

Siku ingine si ngurumo, ni baruti ya kariere. Wale wanaokaa karibu na mashimo makubwa ya shaba wanajua: sireni inalia kwanza, kiisha kishindo kinakuja, vioo na mabati yanatikisika. Watu wamezoea. Mama anaendelea kutwanga, mutoto anaendelea na somo lake. Imbwa peke yake anakimbia, anaruka ukuta, na pengine harudi tena.

Watoto wanacheka: «Imbwa gani hii? Anaogopa mpaka mvua!» Baba naye anakasirika: «Mi nilimununua juu ya kuchunga lupango, sasa njo anakuja kunilalia mu nyumba?» Na anatafuta fimbo.

Ndugu wasomaji, mbele ya kukamata fimbo, tukae kwanza tufikiri.

KWA NINI KUZUNGUMUZA HABARI YA IMBWA MU GAZETI LA JAMAA?

Wengine watasema: watu wana shida nyingi, mushahara hautoshi, karo ya masomo inangoja, na ninyi munaandika habari ya imbwa! Tunajibu kwamba ziko sababu tatu.

Ya kwanza ni watoto wetu. Imbwa wengi wanaouma hawaumi kwa ukali. Wanauma kwa woga. Imbwa aliyebanwa mu kona, asiye na njia ya kukimbia, anabakia na meno yake tu. Na mara nyingi anayekutana na yale meno ni mutoto mudogo, sababu uso wake uko karibu na uso wa imbwa.

Ya pili ni ulinzi wa nyumba. Watu wengi wanafikiri imbwa mwenye kuteswa ndiye zamu muzuri. Si kweli. Imbwa mwenye woga anabwekea kila mutu na kila kitu: jirani, kivuli, jani lenye kuanguka. Nyuma ya siku chache hakuna mutu wa nyumba anayeamka tena kwa kumusikia. Na siku mwizi anafika kweli, imbwa huyo anajificha.

Ya tatu ni moyo wetu. Kitabu cha Mezali, mu sura ya 12, kinahesabu uangalizi wa nyama wa nyumbani kuwa alama moja ya mutu wa haki. Kitabu cha Tobia nacho hakikusahau kutuambia kwamba kijana Tobia alipofunga safari pamoja na malaika, imbwa yake alimufuata. Namna kijana anavyotenda kiumbe kisichoweza kumusitaki kwa mutu, hapo tunaona namna atakavyotenda muke na watoto wake kesho.

WOGA NI KITU GANI?

Woga si aibu na si upumbafu. Mungu aliuweka mu mwili wa kila kiumbe kusudi kiokoke na hatari. Imbwa akisikia hatari, ubongo wake unatuma habari mara moja: moyo unapiga mbio, damu inakimbilia mu miguu, tumbo inasimamisha kazi yake. Mwili wote unajitayarisha kwa mambo mawili: kukimbia ao kupigana. Ndiyo sababu imbwa mwenye woga mukubwa hawezi kula hata ukimupa nyama. Hakatai kwa kiburi. Tumbo yake imefungwa.

Tutofautishe tena mambo mawili. Woga ni pale hatari iko mbele ya macho: ngurumo inalia, fimbo imeinuliwa. Wasiwasi ni pale hatari haijafika bado, lakini imbwa anaingoja. Sireni inalia, baruti haijapasuka, naye tayari anatetemeka. Baba anafungua mulango akitoka kunywa pombe, hajasema neno, na imbwa tayari amelala chini na kukojoa. Wasiwasi unachokesha kuliko woga, sababu hauna mwisho. Sisi watu tunajua jambo hilo: kungoja habari mbaya kunatesa kuliko kuisikia.

Na tukumbuke masikio. Sikio la mutu linasikia sauti mpaka mapigo 20.000 hivi kwa sekunde moja. Sikio la imbwa linapita 40.000. Kelele nyingi ambazo kwetu ni kimya, kwake ni kelele kweli. Na ile ngurumo unayoisikia wewe, yeye alianza kuisikia zamani, ikiwa bado mbali. Usiseme basi: «Anaogopa bure.» Yeye anasikia yale ambayo wewe husikii.

ALAMA ZA KUTAMBUA

Alama zingine kila mutu anazijua: mukia katikati ya miguu, mwili unaotetemeka, masikio yaliyolala nyuma, kukojoa mahali alipo, kujificha. Lakini ziko alama ndogo zinazotangulia, na wengi hawazioni:

– Anapiga miayo, na si usingizi.

– Anajilamba midomo ao pua mara kwa mara, na hakuna chakula.

– Anageuza kichwa upande, lakini macho yanabaki kukuangalia, na unaona weupe wa jicho.

– Anainua muguu moja wa mbele na kusimama sawa muti.

– Anahema na mdomo wazi, na hakuna joto, wala hajakimbia.

– Manyoya ya mugongo yanasimama.

– Anazunguka zunguka, hawezi kulala hata mahali pamoja.

Alama hizo ni maneno yake. Anasema: «Uniache kidogo, siko muzuri.» Kama hakuna anayemusikia, atasema kwa sauti: atanguruma. Hapa wazazi wengi wanakosea. Wanamupiga imbwa juu amenguruma. Siku ingine yule imbwa hatanguruma tena, atauma pasipo kutangaza. Kunguruma ni sireni ya mbele ya baruti. Nani kati ya watu wa kariere angekubali sireni inyamazishwe, na baruti iendelee kupasuka?

WOGA UNATOKA WAPI?

1. Mu utoto wake. Majuma ya 3 mpaka ya 12 ao 14 tangu kuzaliwa ni kama masomo ya kwanza ya imbwa. Waalimu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza jambo hilo miaka mingi, wakatoa kitabu chao mu mwaka wa 1965. Mutoto wa imbwa ambaye mu wakati ule anaona watu mbalimbali, watoto, mama wenye vikapu, kinga, pikipiki, mbuzi, na kuguswa kwa upole, anayahesabu hayo yote kuwa mambo ya kawaida. Yule aliyefungwa peke yake mu kibanda mpaka miezi mitano anatoka na kuona dunia nzima kuwa adui. Si kwamba ni mubaya; hakufundishwa. Kwa hiyo, usimuondoe mutoto wa imbwa kwa mama yake mbele ya majuma 8, lakini usimufiche nyuma ya pale.

2. Mu damu. Mama mwenye woga mara nyingi anazaa watoto wenye woga, na tena wanamutazama na kumuiga. Unapochagua mutoto wa imbwa, angalia kwanza mama yake.

3. Mu jambo baya lililomupata. Hapa kuna historia ya kweli inayofundisha. Mu mji wa Leningrad, inchi ya Urusi, munganga Ivan Pavlov alikuwa akichunguza imbwa. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba imbwa anayesikia alama fulani kila mara mbele ya chakula, mwisho anatokwa mate kwa ile alama tu, hata chakula hakijafika. Alikuwa amekwisha kupata Tuzo la Nobel mu 1904. Sasa, tarehe 23 mwezi wa tisa 1924, mto ulifurika, maji yakaingia mpaka mu vibanda vya imbwa. Watumishi walifika wakati imbwa wanakaribia kuzama, wakawatoa kwa kuwaogelesha. Wote waliokolewa hawakuumia mwili. Lakini nyuma ya pale wamoja walikuwa wamesahau yote waliyojifunza. Imbwa moja alitunzwa kwa majuma mengi, akarudi kuwa sawa zamani. Kiisha Pavlov alipitisha maji kidogo tu chini ya mulango. Yule imbwa akaanza kuhangaika, na mambo yote aliyokuwa ameyapata tena yakapotea.

Fundisho ni nini? Imbwa hasahau. Maji kidogo chini ya mulango yalitosha kumurudisha mu mafuriko. Hivyo hivyo imbwa yako: baruti ya siku moja imefunga urafiki na sireni, ngurumo imefunga urafiki na upepo na wingu nyeusi, fimbo imefunga urafiki na kofia ya mutu fulani. Ukiona imbwa anaogopa kitu kidogo cha kuchekesha, ujue nyuma ya kile kidogo kuna kikubwa.

4. Mu munyororo. Imbwa aliyefungwa mchana na usiku, metre moja na nusu ya kamba, hawezi kukimbia hatari. Njia moja ya kujiokoa imefungwa. Inabaki ile ya kuuma. Kila mutoto anayepita na kumutupia jiwe anamuongezea deni ambalo mutu mwingine atalipa.

5. Mu ugonjwa na uzee. Imbwa aliyekuwa mutulivu siku zote, na leo anaanza kuogopa kuguswa, pengine ana maumivu: sikio lenye usaha, jino bovu, muguu ulioumia. Imbwa muzee naye anaanza kupoteza macho na masikio, na yule mwenye kumukaribia pasipo kusikiwa anamushitusha.

DAWA ZINAZOHARIBU

Fimbo. Tumuulize baba mwenye fimbo: imbwa anaogopa ngurumo, wewe unamuongezea maumivu, kesho ataogopa ngurumo kidogo ao zaidi? Sasa ana maadui wawili, ngurumo na wewe.

Pilipili, pombe ya lutuku na unga wa baruti. Wako wanaosema vinaongeza ukali wa imbwa. Vinachoma tumbo na vinaweza kuua. Ukali unaouona ni uchungu.

Dawa za watu. Usimupe imbwa vidonge vya mu nyumba, hata vile vya kichwa. Paracetamol na ibuprofen vinaweza kumuua.

Kumuvuta kwa nguvu mbele ya kile anachoogopa «kusudi azoee». Mutoto asiyejua kuogelea ukimutupa mu Lualaba hatajifunza kuogelea.

Kuna tena udanganyifu moja mukubwa: kufikiri imbwa aliyenyamaza amepona. Mu 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa mji wa Philadelphia, Marekani, walitangaza jambo la huzuni. Imbwa waliopigwa umeme pasipo njia yoyote ya kuuzuia, waliwekwa kiisha mu sanduku ambamo waliweza kuruka kizuizi kifupi na kuokoka. Wengi hawakuruka. Walilala chini na kuvumilia umeme. Lakini imbwa wale ambao mbele walikuwa na namna ya kuusimamisha umeme, walijifunza upesi kuruka. Watu wa leo wanakataza kutesa nyama namna ile, na ni haki. Lakini fundisho linabaki: imbwa aliyepigwa sana, anayelala kona moja na kutotazama mutu, hakutulia. Amekata tamaa. Na sisi wakristu tunajua kwamba kukata tamaa na amani ni vitu viwili mbalimbali, hata kama vyote vinanyamaza.

NAMNA YA KUMUSAIDIA

Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji uvumilivu, na saa kidogo kila siku.

Mupe pa kujificha. Sanduku la mbao, pipa lililolazwa, kona chini ya meza, na gunia ya kulalia. Pasiwe na mulango wa kumufungia. Na iwe sheria ya nyumba: imbwa akiingia mule, hakuna mutu anayemutoa, hata mutoto, hata baba. Wakati wa ngurumo funga madirisha, weka pazia, na acha radio iimbe kwa sauti ya kadiri kusudi ifunike kelele za inje.

Kaa naye. Zamani walisema: usimubembeleze imbwa mwenye woga, utazidisha woga wake. Wanganga wa nyama wa leo hawasemi tena hivyo. Woga si mchezo anaocheza kusudi apate zawadi. Kama anakuja kwako, muache akuje, weka mukono polepole juu ya kifua ao ubavu wake, sema kwa sauti ya chini. Wewe mwenyewe utulie; ukipiga kelele, naye atajua kwamba kweli kuna hatari. Kama anapenda kubaki peke yake, muache.

Geuza maana ya ile sauti. Hii ndiyo kazi kubwa. Tulivyoona, sireni ilipata maana mbaya kwa sababu baruti inaifuata. Sasa tunatafuta kuipa maana mpya: sireni ikilia, kitu kitamu kinafika. Katika mwaka ule ule wa 1924 mama moja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika namna alivyomusaidia mutoto mudogo aliyeogopa sungura. Alimuketisha kwa kula chakula alichopenda, na sungura aliletwa mbali, mu kona ingine. Siku kwa siku sungura akasogezwa karibu kidogo, chakula kikiendelea. Mwisho mutoto alimushika sungura kwa mikono yake. Njia ile ile inasaidia imbwa:

– Tafuta chakula anachopenda kuliko vyote: kichwa cha kapenta, kipande kidogo cha nyama. Kidogo sawa ncha ya kidole kinatosha. Usitie chumvi, wala vitunguu, sababu vitunguu vinaharibu damu ya imbwa. Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimupe, inapasuka na kutoboa matumbo.

– Anza na sauti ndogo inayofanana na ile anayoogopa, siku ambayo hakuna mvua wala baruti. Mutoto mukubwa asimame mbali, metre 30 ao zaidi, apige sufuria moja kwa upole. Imbwa akiisikia na kubaki mutulivu, mara moja mupe kipande. Wenye telefone wanaweza kutumia sauti ya ngurumo iliyokamatwa, mwanzo chini sana.

– Mara 5 ao 6 zinatosha kwa siku moja. Kesho tena.

– Akizoea, ongeza sauti kidogo, ao sogea metre 2 ao 3. Akianza kupiga miayo, kujilamba, kukataa chakula, umeenda mbio. Rudi nyuma pale alipokuwa mutulivu, na uanze tena.

– Siku ya baruti yenyewe, toa kipande mara tu sireni inapoanza. Sauti kwanza, chakula nyuma. Usibadilishe mpango huo, sababu ukianza na chakula imbwa ataogopa mpaka chakula.

Kazi hii inachukua majuma, pengine miezi. Imbwa wamoja wanapona kabisa, wengine wanapunguza woga tu. Nayo ni faida.

Mupe siku yenye mpango. Kula saa moja, kutembea saa moja, kulala mahali pamoja. Imbwa anayejua kitakachofuata hana wasiwasi mwingi. Matembezi ya dakika 20 asubuhi na mangaribi, kwa kamba, mbali na barabara ya makamio makubwa, yanamupumzisha kuliko fimbo 100. Kama ni lazima kumufunga wakati wageni wako mu lupango, tumia kamba ndefu, mahali penye kivuli na maji, na umufungue wageni wakienda.

Imbwa mwenye kulia akiachwa peke yake. Wako imbwa wanaopiga kelele, kukwaruza mulango na kuvunja vitu kila mara jamaa inapokwenda ku misa. Si kisasi, ni wasiwasi. Toka dakika moja tu na kurudi, pasipo maneno mengi. Kiisha 2, kiisha 5, kiisha 15. Mutembeze mbele ya kwenda, na umuachie kitu cha kutafuna. Ukirudi na kukuta ndala imekatwa, usimupige. Yeye hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na ndala ya asubuhi. Anaunganisha fimbo na kurudi kwako.

KWENU WATOTO NA VIJANA

Muweke sheria hizi mu kichwa:

– Usimuguse imbwa anayekula, anayelala, ao mwenye watoto.

– Usimukumbatie shingo na kumuwekea uso karibu. Wewe unapenda, yeye anajiona amefungwa.

– Imbwa usiyemujua akikukaribia, usikimbie na usipige kelele. Simama sawa muti, mikono chini, usimutazame ndani ya macho. Atanusa, kiisha ataenda zake.

– Kumutupia jiwe imbwa aliyefungwa si ushujaa. Mushujaa ni yule anayemuambia mwenzake: «Achana naye, hana pa kukimbilia.»

– Unataka urafiki wa imbwa mwenye woga? Usimufuate. Kaa chini, geuka upande, tupa kipande cha chakula mbali kidogo, na ungoje. Acha yeye ndiye akuje.

Tumesikia mara nyingi mazungumuzo ya namna hii mu nyumba:

«Papa, juu ya nini Simba ananiogopa mi, na Yaya hamuogope?»

«Yaya alimufanyia nini?»

«Hapana kintu. Anaikalaka tu, anamupa bukari.»

«Na weye?»

Mutoto ananyamaza. Jibu amelipata yeye mwenyewe, na baba hana lazima ya kuongeza neno.

ANGALISHO: WOGA UNAOTOKA NA RAJE

Hapa tusome sote kwa uangalifu. Kama imbwa anageuka kwa gafula, aliyekuwa mupole anakuwa mukali ao yule mwenye woga anaanza kukaribia kila mutu, kama mate yanamutoka mengi, sauti imebadilika, taya linaning'inia, hawezi kumeza, anatembea sawa mulevi, usijaribu kumubembeleza wala kumupa dawa. Pengine ni kichaa cha imbwa, ule ugonjwa tunaouita raje. Waondoe watoto, funga mulango wa lupango, na upashe habari kwa munganga wa nyama ao kwa wakubwa wa mtaa.

Imbwa akikuuma ao kukukwaruza, ao akilamba kidonda chako:

1. Osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Usiharakishe.

2. Usiweke majani, majivu, mafuta ya gari wala jiwe jeusi.

3. Kwenda siku ile ile ku kituo cha afya kutafuta shindano za vaksini. Usingoje kuona alama. Mara nyingi ugonjwa unalala mu mwili miezi 2 ao 3 mbele ya kutokea, na ukisha kutokea, karibu hakuna anayepona.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba raje inaua watu karibu 59.000 kila mwaka, zaidi sana mu Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na imbwa. Kati ya watu wanaoumwa na nyama wenye kuzaniwa kuwa na raje, 40 kwa mia ni watoto wasiofika miaka 15. Lakini dawa ya kukinga iko tangu tarehe 6 mwezi wa saba 1885, siku Louis Pasteur alipoanza kumutunza mutoto wa miaka 9, Joseph Meister, mu mji wa Paris, na mutoto akaishi. Mupeleke imbwa yako kwa shindano akifika miezi 3, na urudie kila mwaka sawa munganga anavyosema. Kila tarehe 28 mwezi wa tisa, dunia nzima inakumbuka vita vya kupigana na raje. Mu miji mingi wanapiga shindano siku zile kwa bei ndogo ao bure. Ulizeni ku ofisi ya nyama ya mtaa wenu.

Imbwa aliyechanjwa unaweza kumukaribia na kumutunza. Shindano linatangulia, urafiki unafuata.

TUMALIZE

Mu miji yetu ya shaba tumeishi miaka mingi na kelele: sireni, mashini, makamio ya usiku, na mara ingine kelele za vita. Tunajua woga. Wengi kati yetu tulihitaji mutu mumoja tu, aliyekaa karibu na hakutucheka, kusudi tutulie. Kiumbe kilicho chini ya kitanda hakiombi kitu kikubwa kuliko hicho.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Imbwa wetu anaogopa nini? Nani kati yetu aliona alama, na alama gani?

2. Ana mahali pake pa kujificha? Kama hapana, tunaweza kutengeneza wapi juma hili?

3. Nani mu nyumba hii anaogopwa na imbwa? Atafanya nini kubadilisha jambo hilo?

4. Shindano yake ya raje ilipigwa mwaka gani?

5. Je, mu nyumba yetu kuna mutu, mukubwa ao mudogo, anayetetemeka mulango ukifunguliwa usiku? Tufanye nini kwa ajili yake?